Stetasi, video au makala: kazi yako ya mtandaoni itadumu hadi lini?

Kila anayeuza, anayefundisha au anayeongoza wageni huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, siku hizi huambiwa aingie mtandaoni. Ni shauri jema. Linalobaki bila jibu ni aanzie wapi, hali ana simu moja, bando la kupimia na saa chache za jioni akishafunga duka. Wengi huamua kwa kutazama wingi wa watu: TikTok imejaa, Facebook imejaa, basi huko ndiko kwenda. Mimi ningependa tuanze na umri. Ukitoa kitu leo, kitaonekana hadi lini? Na kitabaki kweli hadi lini?

Maswali hayo mawili huchanganywa sana, na madhara yake ni tofauti. Kikiacha kuonekana mapema kuliko kinavyoacha kuwa kweli, umepoteza jasho lako. Kikiendelea kuonekana baada ya ukweli wake kwisha, anayeumia ni mtu aliyekuamini: atapanda matatu kuja dukani kwa bei ambayo haipo, au atapeleka mgonjwa hospitalini na karatasi zisizohitajika tena. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu aliyeandika mara nyingi hata hajui kwamba limetokea.

Kwa hiyo nitalinganisha aina za maudhui kwa vipimo hivyo viwili, nikianza na zile zinazokufa upesi.

Stetasi na magrupu ya WhatsApp

Stetasi huishi saa 24 kisha hutoweka. Snapchat ndiyo iliyoanzisha mtindo huu, Instagram ikauchukua mwaka 2016, na WhatsApp ikafuata mwaka 2017. Kwa sababu ya umri huo mfupi, wako wanaoiona kuwa kitu cha kujifurahisha tu. Siafikiani nao. Tazama inavyotumiwa na mama auzaye samaki Dunga, nje kidogo ya Kisumu. Mitumbwi ikirudi asubuhi, anapiga picha mbili: ngege wakubwa kwenye beseni la buluu, na mbuta mmoja juu ya mzani, kilo zikisomeka. Chini yake anaandika bei na saa atakayoondoka ufuoni. Hata kabla ya saa nne wateja wa Milimani wameshapiga simu, na boda boda ameondoka na mifuko. Ikifika adhuhuri beseni ni tupu, naye anaifuta ile picha kwa mkono wake bila kungoja saa 24 ziishe. Akiiacha, simu zitaendelea kulia na samaki hana.

Hapo kuonekana na ukweli vimekwenda sambamba karibu saa kwa saa. Hakuna video wala makala ambayo ingemfaa kuliko hiyo. Chochote kinachooza, kinachouzwa kikaisha, au kinachobadilika bei kesho, mahali pake ni stetasi. Kasoro yake ni kwamba huonekana na watu mliohifadhiana nambari tu. Inakutunzia wateja ulio nao, haikuletei wapya.

Ujumbe wa grupu ni jambo jingine. Wenyewe haufutiki, ila hufunikwa na mengine: maombi ya mchango, salamu za Jumapili, picha za mazishi, na kufikia jioni ulichoandika kiko mbali juu. Tangu mwaka 2023 unaweza kuurekebisha ndani ya dakika 15 baada ya kuutuma. Zikipita, umebaki kama ulivyo. Hatari kubwa huja ukisambazwa. Anayeupokea huona saa aliyotumiwa yeye, haoni siku ulipoandikwa mara ya kwanza. Bei za mafuta ni mfano tosha. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, nazo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Picha ya jedwali hilo ina umri wa mwezi mmoja kamili, lakini kwenye magrupu huzungushwa miezi mingi, na mhudumu wa boda huko Kakamega akaanza kubishana na kituo cha mafuta kwa bei ya msimu uliopita. Dawa yake ni rahisi: tarehe kamili, pamoja na mwaka, iandikwe ndani ya ujumbe au juu ya picha yenyewe. Kuandika "leo" au "wiki hii" kwenye kitu kitakachosambazwa ni kumtegea mtu asiyekujua.

Facebook, X na TikTok

Mwaka 2011 kampuni ya Bitly, inayofupisha viungo, ilipima muda unaopita hadi kiungo kipate nusu ya watu wote watakaokibofya. Kwenye Twitter, ambayo sasa ni X, ilikuwa saa 2.8, kwenye Facebook saa 3.2, na kwa viungo vya YouTube saa 7.4. Mitandao hiyo imebadilika sana tangu wakati huo, na sitaki mtu apange biashara yake kwa saa hizo. Ninalolichukua hapo ni ukubwa wa kipimo. Kwenye mitandao ya kupitisha habari, nusu ya maisha ya chapisho huhesabiwa kwa saa.

Facebook bado ina nguvu zake kwetu, hasa magrupu ya mtaa na ya kuuza na kununua. Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga Nyalenda huko Kisumu au Section 58 huko Nakuru ataingia kwenye grupu na kuandika neno kwenye kisanduku cha kutafuta, kwa hiyo tangazo la wiki iliyopita linaweza kumfikia. Lakini hapo hapo ndipo penye tatizo: nyumba ilishachukuliwa, na tangazo bado lipo. Ukiuza au ukipangisha kwa Facebook, rudi ukaandike kwamba kimeshachukuliwa. Chapisho la Facebook huhaririwa wakati wowote, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Jambo moja ambalo makanisa, vikundi vya kina mama na mashabiki wa soka wanapaswa kulijua: tangu Februari 2025, video ya moja kwa moja ya Facebook huhifadhiwa siku 30 tu, kisha hufutwa. Zamani ilibaki kwenye ukurasa. Kama mlirusha ibada, harusi au mechi na mnaitaka, ipakueni kabla ya mwezi kwisha.

X ni ya habari za papo hapo. Barabara imefungwa, stima zimepotea, mwanasiasa amesema nini. Pew Research Center ya Marekani ilichunguza na kukuta kwamba karibu chapisho moja kati ya matano huko halionekani tena hadharani miezi michache tu baada ya kutolewa, mara nyingi kwa sababu akaunti yenyewe imefungwa au imefichwa. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Kisumu au Nakuru, singemshauri atoe jioni zake huko.

TikTok ni ngumu zaidi kuitabiri. Video inaweza kulala siku kadhaa, kisha mfumo ukaichukua na kuipeleka kwa maelfu wasiokufuata. Inayofuata, iliyotengenezwa vizuri zaidi, isifike popote. Nimejifunza kutofautisha video za huko kwa kinachozibeba. Video inayobebwa na wimbo uliovuma hufa na wimbo wake. Ile inayoonyesha kazi ya mikono, kama fundi wa Jua Kali Kisumu akikunja bati hadi likawa jiko, haina msimu, na watu huendelea kuitafuta kwa maneno. Ukiwa na saa moja ya kurekodi, nakusihi utumie saa hiyo kwenye kazi yako, uache ngoma za watu.

YouTube: huishi miaka, ila haibadiliki

Hapa umri unaruka. Watu huingia YouTube kwa swali, na swali likirudi kila mwaka, video nayo hurudi. Mfano ninaoupenda ni wa viwavijeshi vamizi. Waligunduliwa Kenya mwaka 2017, na mashamba ya magharibi, Trans Nzoia, Bungoma na Busia, yakawa miongoni mwa ya kwanza kuumizwa. Tangu hapo, kila mahindi ya mvua za masika yanapofika magotini, mkulima husimama shambani na simu akitafuta: huyu ni nani?

Fikiria muuzaji wa agroveti, duka la dawa za mimea na mifugo, mjini Bungoma anayeamua kurekodi jibu. Anafungua majani ya katikati ya mhindi, pale machanga yanapochomoza, na kinyesi kinaonekana kimejaa humo kama unga wa mbao. Anamchukua kiwavi, anamweka kwenye kiganja, anasogeza kamera. Kichwani kuna alama hafifu ya herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia kuna madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Anaeleza kwamba dawa hufanya kazi viwavi wakiwa bado wadogo, na kwamba hunyunyiziwa asubuhi mapema au jioni, wakati wanapotoka kula. Dakika nne zimetosha. Kila alichokisema hapo kitakuwa kweli mwaka ujao na miaka mingi baadaye, kwa maana kiwavi hatabadilisha madoa yake.

Sasa tuseme ameongeza nusu dakika ya kutaja dawa kwa jina, na bei ya chupa dukani kwake. Nusu dakika hiyo ndiyo itakayoizeesha video nzima. Bei itapanda. Dawa yenyewe inaweza kuondolewa kwenye orodha ya zilizosajiliwa. Na YouTube haikuruhusu kubadilisha video iliyokwisha kupakiwa huku ukibaki na kiungo na watazamaji wale wale. Unaweza kukata kipande, huwezi kuchomeka kipya. Kinachobadilika ni kichwa, picha ya mbele na maelezo ya chini.

Kutokana na hilo napata kanuni ambayo ningemwambia yeyote anayerekodi. Yasiyobadilika yasemwe kwa mdomo. Yanayobadilika, yaani bei, dawa, nambari ya simu na saa za kufungua, yaandikwe chini, kwenye maelezo, na mdomoni useme tu kwamba yako pale chini. Msimu ukianza, fungua maelezo hayo uyapitie. Kazi ya robo saa, na video ya zamani imekuwa ya mwaka huu.

YouTube inadai zaidi mwanzoni: sauti safi, mwanga, bando la kupakia. Pia haivumilii anayechelewa kufika kwenye hoja. Lakini kwa mtu mwenye ujuzi wa mikono, au anayefundisha kitu kinachopaswa kuonwa, sijaona mahali panapolipa jasho kwa muda mrefu kuliko hapa.

Makala kwenye tovuti

Makala ina sifa moja ambayo video haina. Unaweza kuifungua ukabadilisha neno moja, ikabaki pale pale ilipokuwa, kwa anwani ile ile. Kwa hiyo inaweza kuishi kuliko kitu chochote nilichokitaja, mradi iwe na mtu wa kuitunza. Isipotunzwa ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu Google itaendelea kuileta mbele ya watu na sura yake ni ya kuaminika.

Chukua Nakuru. Makala chungu nzima za wageni bado zinaahidi ufuo wa Ziwa Nakuru uliofunikwa na heroe, ndege wa waridi, kwa mamia ya maelfu. Ilikuwa kweli. Heroe wadogo hula mwani mdogo mdogo unaostawi kwenye maji ya magadi. Maji ya ziwa yalipoanza kupanda katika miaka ya 2010, magadi yalipungua makali, chakula kikapungua, na makundi makubwa yakahamia kwingine, Bogoria hasa. Maji hayo hayo yalifunika lango kuu la zamani la mbuga na barabara za kando ya ziwa. Makala iliyoandikwa kabla ya hapo ina makosa mawili: inaahidi ndege ambao huenda wasiwepo kwa wingi ule, na inamwelekeza dereva kwenye lango lililomezwa na maji. Wakati huo huo, makala ya siku ile ile kuhusu Menengai, jinsi kilele cha volkeno kilivyobomoka na kuacha shimo la upana wa kilomita 12 hivi, haijachakaa hata kidogo. Mwandishi mmoja, mji mmoja, umri tofauti kabisa.

Au tazama orodha ya majiji ya Kenya. Ilikuwa matatu hadi tarehe 1 Desemba 2021, Nakuru ilipopata hati. Yakawa manne hadi tarehe 15 Agosti 2024, Eldoret ilipoongezwa. Jambo linaloonekana la kudumu kabisa, lenye kufaa kitabu cha shule, limebadilika mara mbili ndani ya miaka mitatu.

Linaloumiza zaidi ni mambo ya serikali. Tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya serikali. Usiku mmoja, kila makala ya "jinsi ya kulipia NHIF" ikawa inapotosha. Jedwali la zamani la waajiriwa, la kuanzia shilingi 150 hadi 1,700 kwa mwezi, lilikufa. Mahali pake pakaja asilimia 2.75 ya mapato, kima cha chini shilingi 300. Ukurasa wenye jedwali la zamani hauonyeshi dalili yoyote kwamba umekufa. Herufi ni zile zile, picha ni ile ile. Mama anayeutegemea kupanga malipo ya mwanawe atajua hospitalini. Ninawasihi wanaoandika mambo ya namna hii, na wengi wao ni vijana wenye vibanda vya saiba wanaosaidia watu kwa moyo: ukitoa makala ya serikali, umechukua dhamana ya kurudi. Ya ushuru yapitiwe kila Julai, mwaka wa fedha unapoanza. Na kama huwezi kurudi, iandikie juu kabisa tarehe uliyoithibitisha mara ya mwisho, au uifute.

Kuna umri wa namna nyingine ambao watu huukosea. Yapo maudhui yanayoonekana yamekufa, kumbe yamelala. Makala ya kupanda mahindi huzimika Juni na kuamka Februari. Ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Julai, huamka kila Machi. Ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, huamka Januari. Mwenye kuangalia takwimu za wiki moja atadhani kazi yake imeshindwa na kuandika nyingine mpya kila mwaka, akaishia na kurasa nne zinazogombana, mbili kati yake zikiwa na makosa. Afadhali ukurasa mmoja unaohuishwa. Mwaka uandike kwenye kichwa ukitaka, ila usiuweke kwenye anwani ya ukurasa, maana kichwa hubadilika kwa urahisi na anwani haibadiliki bila hasara.

Google Maps

Hili ni fupi na ndilo ningempa kila mwenye duka kabla ya mengine yote. Weka biashara yako kwenye ramani ya Google: jina, mahali, simu, saa, picha chache za mlango kutoka barabarani. Ni bure. Mtu aliyeshuka stendi ya Kisumu hajui jina lako. Anaandika "fundi wa simu karibu nami". Ukweli wa maelezo hayo hudumu hadi uhame au ubadilishe nambari, yaani miaka, na kuyaandika kunachukua jioni moja. Kinachozeeka ni saa za sikukuu na picha. Duka likihama kutoka Oginga Odinga Street kwenda Kibuye, ramani ibadilishwe siku hiyo hiyo ya kuhama, kabla hata ya kupanga bidhaa kwenye rafu.

Basi uchague nini?

Ukiuza vinavyoisha siku hiyo, kama samaki, mboga au mitumba iliyofunguliwa asubuhi, stetasi pamoja na Google Maps vinakutosha. Usikubali mtu akuuzie tovuti. Utalipia kila mwaka nyumba ambayo huna cha kuweka ndani.

Ukiwa fundi, mkulima mzoefu, mshonaji au muuza agroveti, nenda YouTube, video chache zilizopikwa vizuri, halafu kata vipande vifupi kutoka humo upeleke TikTok. Mpangilio huo una maana: cha muda mrefu kitangulie, cha muda mfupi kichumwe kutoka kwake. Wanaoanza na vipande vifupi hujikuta kila jioni wanatafuta kipya.

Mwalimu wa masomo ya ziada ana hesabu yake. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na kundi la mwisho la KCSE ya mfumo wa 8-4-4 litafanya mwaka 2027. Anayetengeneza maswali ya marudio ya KCSE anajua tarehe ya mwisho ya soko lake, jambo ambalo wachache wetu tunalo. Ajibu karatasi za zamani sasa, watu wakiwa bado wanazihitaji. Lakini maelezo ya jinsi mmea unavyotengeneza chakula, au jinsi ya kugawanya sehemu, yatahitajika hata mtaala ukibadilika tena, na hayo ayarekodi kando, bila kutaja jina la mtihani wala kidato.

Anayeongoza wageni katika Msitu wa Kakamega ndiye ningemwambia aandike makala kwa moyo wote. Ana kitu kisichozeeka: kipande cha mashariki cha misitu ya mvua iliyoungana zamani na ile ya Kongo, ndege ambao hawapatikani kwingine Kenya, njia anazozijua kwa miguu. Mgeni wa mbali hupanga safari miezi kabla, akiwa amekaa anasoma. Ada za kuingia azitenge kwenye ukurasa mmoja tu, na makala nyingine zote zielekeze hapo. Ada ikipanda, anarekebisha mahali pamoja.

Na kwa anayeandika historia ya kwao, jinsi reli ilivyofika ziwani mwaka 1901 na mji wa Kisumu ukaitwa Port Florence, au hadithi za mwamba wa Kit-Mikayi alizosimuliwa na nyanya yake, nasema andika, tena kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Mambo hayo yana umri mrefu kuliko mengine yote niliyoyataja, na walioyashika vichwani wanaondoka.

Bado kuna umri ambao hautegemei maneno yako: umri wa mahali ulipoyaweka. Mtandao wa video fupi wa Vine ulifungwa mwaka 2017, na mtandao wa kijamii wa Google+ mwaka 2019. Machi 2024 Google ilizima tovuti ndogo za bure ilizokuwa imewatengenezea wenye biashara kupitia ramani yake, na walioitegemea wakabaki na kiungo kisichofunguka. Pew hao hao waligundua kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Nyingine zilifutwa kwa makusudi. Nyingine ziliondoka na tovuti nzima.

Kwa hiyo kila video na kila makala unayoijali, weka nakala yake nje ya mtandao ulioitolea: kwenye diski, kwenye kadi ya simu, hata kwenye barua pepe uliyojitumia. Kama una jina lako la .co.ke, hulipiwa kila mwaka, na likikosa kulipiwa tovuti huzimika na mtu mwingine anaweza kulichukua. Hakikisha limesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako, usimwachie kijana aliyekutengenezea, na tarehe ya kulipia iwe kwenye kalenda ya simu yako mwenyewe.